Kabla hujamwita mtu fashisti ukumbini

Wadogo zangu mnaoanza sayansi ya siasa pale Mlimani, mdahalo wenu wa kwanza hautakwenda mbali kabla mtu hajamwita mwenzake fashisti. Ukumbi utalipuka kwa makofi. Ninyi ulizeni tu: kwa kigezo gani? Wengi hukwama hapo hapo.

Wazazi wetu wengi walilizoea neno hili wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, likiandamana na "nduli" kila Idi Amin alipotajwa. Kwa vita lilifaa. Kwa mdahalo linapwaya. Amin alitwaa nchi Januari 1971 kwa mapinduzi ya jeshi. Hakuwa na chama cha umma, nguvu yake ilikuwa kambini. Mussolini wa Italia, fashisti wa asili, alianzisha kundi lake Milan mwaka 1919. Wafuasi wake wa mashati meusi wakawa wanawapiga wasoshalisti na kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, na Oktoba 1922 mfalme mwenyewe akamkabidhi uwaziri mkuu. Vigogo walidhani watamtumia kisha wamtupe. Mwanahistoria Mmarekani Robert Paxton, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu ufashisti, anayakazia sana mambo haya: chama chenye wafuasi wengi, kilio kwamba taifa limedhalilishwa, ukatili unaotukuzwa, na vigogo wa zamani wanaoshirikiana nacho shingo upande. Amin alikuwa muuaji, hilo halina ubishi. Kwa kipimo cha Paxton, ufashisti haumkai vizuri.

Atasimama mjanja mmoja aseme: chama kimoja kisheria tangu 1965 hadi 1992, basi Nyerere naye fashisti? Msipandishe hasira. Chama kimoja peke yake hakitoshi. Sheria ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ina ubaya wake, ilaumiwe kwa jina lake.

Mfano mgumu ni Salazar, dikteta wa Ureno. FRELIMO, harakati ya kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, iliyoundwa hapa hapa Dar es Salaam Juni 1962, iliuita utawala wa Lisbon wa kifashisti. Wanahistoria bado wanabishana, kwa sababu Salazar aliogopa umati wa barabarani, na mwaka 1934 alilipiga marufuku kundi la mashati ya buluu lililotaka kumwiga Mussolini. Mimi naegemea upande wa FRELIMO: anayetawaliwa kwa bunduki na polisi wa siri ana haki ya kutaja anachokiona. Lakini ukishika upande huo, jiandae kujibu hilo la mashati ya buluu, maana utaulizwa.

Kuhusu siasa za leo, mtazameni Paxton huyo huyo. Kwa miaka kadhaa alikataa kumwita Trump fashisti. Baada ya Bunge la Marekani kuvamiwa Januari 2021 alibadili msimamo, akaeleza ni tukio gani lililombadilisha. Ukisimama kuongea, anza na kigezo chako, kisha tukio na mwaka wake. Jina la mtu libaki la mwisho.