Maswali ya Wasomaji: Lori la Zamani Linalozimika Njiani

SWALI: Ndugu Fundi, ninamiliki lori la dizeli lililotumika kwa miaka mingi, lenye pampu ya kimakanika isiyotegemea kompyuta. Likiwa tupu hutembea bila shida, lakini likipakiwa mzigo na kuanza kupanda mlima, nguvu hupungua taratibu, injini hukohoa, kisha huzimika. Nikisubiri kando ya barabara kwa muda wa robo saa hivi, huwaka tena na kuendelea vizuri hadi mlima mwingine. Tumekwisha kubadilisha filta ya dizeli mara mbili na kufunga betri mpya, bila mafanikio. Sasa fundi wangu anashauri pampu ifunguliwe na nozeli zote (vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini) zibadilishwe, kazi ambayo gharama yake ni kubwa. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kwa sasa. Pampu ya dizeli ni ya mwisho kuhukumiwa, na ikifunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia, aghalabu hurudi na kasoro ambayo haikuwa nayo awali. Kabla ya hapo kuna mambo mengi ya kukagua ambayo hayahitaji zaidi ya spana, kipande cha mpira angavu na subira.

Kinachonielekeza zaidi ni namna injini yako inavyozimika. Injini inayokatika ghafla, mfano wa taa iliyozimwa swichi, kwa kawaida imekatiwa umeme unaoishikilia wazi solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli), na hapo tungetafuta waya uliolegea au fyuzi isiyokaa sawasawa. Yako hunyong'onyea kwanza, na hiyo ni dalili ya injini inayonyimwa mafuta. Kwa kuwa haisumbui lori likiwa tupu, dizeli inafika, ila haitoshi pale mzigo na mlima vinapoidai kwa wingi. Hata kule kupona baada ya kupumzika kunaafikiana na jambo hili, kwa sababu uchafu ulionyonywa hadi kwenye mdomo wa bomba la ndani ya tangi huachia na kuzama injini inapozimika, na tangi ambalo tundu lake la kupumulia limeziba hupata muda wa kuingiza hewa polepole.

Kwa hiyo anzia kwenye tangi. Lori litakapozimika tena, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na injini ikawaka mara moja bila kusubiri ile robo saa, kasoro ni tundu la kupumulia, na dawa yake ni kulizibua. Kama hakuna sauti yoyote, toa bomba la kuvutia mafuta tangini na ukague chujio la mdomoni mwake. Kagua pia urefu wote wa bomba lenyewe, kwani likiwa na ufa katikati, litavuta mafuta vizuri tangi linapojaa, kisha litaanza kuvuta hewa kiwango kinaposhuka chini ya ufa huo. Ndiyo maana ni muhimu uandike kiasi cha mafuta kilichokuwamo kila lori linapozimika. Chota pia dizeli ya chini kabisa ya tangi, uiweke katika chupa ya kioo na kuiacha itulie usiku kucha. Maji, yakiwamo, yatakaa chini kwa sababu ni mazito kuliko dizeli.

Lipo chujio jingine dogo la wavu ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo hukaa kwenye mlango wa pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini. Filta kubwa inaweza kubadilishwa hata mara kumi, lakini wavu huu ukiwa umeziba, hakuna kitakachobadilika.

Sasa nizungumzie upepo, yaani hewa inayoingia kwenye mabomba ya mafuta, ambao ndio hunisikitisha zaidi kwa jinsi unavyowapotezea watu fedha. Kati ya tangi na pampu ndogo mafuta huvutwa, hayasukumwi. Mpira ulio na mpasuko katika sehemu hiyo unaweza usidondoshe hata tone moja la dizeli injini inapofanya kazi. Badala yake huingiza hewa. Fundi hupitisha macho, huona pakavu, na kusema hakuna tatizo. Ondoa kipande cha mpira karibu na pampu ndogo na uweke mpira angavu unaostahimili dizeli, kisha mtu akanyage mafuta huku ukitazama. Vipovu vikipita mfululizo, hewa inaingia mahali fulani nyuma ya hapo, na inafaa kubadilisha mipira yote iliyozeeka, klipu zake, na washa za shaba zilizokwisha kubanwa mara nyingi. Mipira ya zamani pia huvimba au kubanduka kwa ndani na kuziba njia, ingawa nje huonekana mizima.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha dumu safi. Funga dumu imara nje ya kibini, mbali na bomba la moshi, ulijaze dizeli iliyochujwa, na uelekeze humo mpira wa kuvuta pamoja na ule wa kurudisha mafuta. Ukiusahau wa kurudisha, dumu litamwagwa lote tangini muda mfupi tu. Toa upepo kwa pampu ya mkono, kisha upande mlima uleule. Lori likipanda bila kukohoa, basi tangi au mabomba yake ndiyo yenye kosa, na pampu kubwa, ile ambayo fundi wako anataka kuifungua, haina hatia.

Katika majaribio haya, tafadhali usipite kwenye miteremko mikali wala barabara zenye msongamano. Injini ikizimika, usukani hupoteza msaada wake na kuwa mzito, na breki za upepo hubaki na akiba ya mitungi pekee, kwa kuwa kompresa nayo imesimama. Ni hatari ambayo haistahili kuchukuliwa kwa ajili ya kupima mpira.

Ikiwa lori litazimika hata likitumia dumu, pima kwanza msukumo wa pampu ndogo, kwani kiwambo (utando unaosukuma mafuta) au vali zake huchoka. Hiyo ikiwa nzima, na pampu kubwa ni ya aina ya rota (inayogawa dizeli kwa nozeli zote kwa kichwa kimoja kinachozunguka), subiri injini izimike na kukataa kuwaka ikiwa moto, kisha funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji. Usiimwagie maji baridi. Ikiwaka upesi baada ya kupoa, yaelekea imelika kwa ndani, kiasi kwamba dizeli iliyopata moto na kuwa nyepesi huvuja humo badala ya kwenda kwenye nozeli. Hapo fundi wako atakuwa na haki ya kuitoa. Ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kupimia, nozeli nazo zipimwe moja moja na kubadilishwa zile tu zitakazoshindwa, na tangi lisafishwe kabla pampu haijarudishwa, kwa maana uchafu utakaobaki humo utaiharibu upya.