Boti ya rimoti: panga betri na antena kabla ya sitaha

Wengi mnaoanza mnamaliza boti yote, rangi, milingoti na bendera, ndipo mnauliza betri ikae wapi. Wakati huo mlango wa sitaha umeshakuwa mdogo na nafasi iliyobaki ni ile isiyofaa. Anzeni na betri na antena; mengine yatazifuata.

Betri kwa kawaida ndiyo kitu kizito kuliko vyote mle ndani, kwa hiyo ihesabu kuwa farumi (uzito wa kuituliza boti) kwanza, umeme baadaye. Elesha boti tupu kwenye beseni au pipa lililokatwa, weka betri bila kuifunga, uisogeze omo (mbele) na tezi (nyuma) mpaka boti ikae sawa, kisha chora alama kwa penseli. Kwa boti ya mwendo wa polepole, kama tagi (boti ya kuvuta meli), weka uzito chini kabisa karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Hapo hata betri ya risasi ya volti 6 haina ubaya, kwani boti ya namna hiyo inahitaji uzito ili izame hadi mstari wake. Boti ya kasi ni habari nyingine. Ikikimbia huinuka juu ya maji, na kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe karibu asilimia 30 ya urefu wa boti ukipima kutoka tezi. Uzito ukizidi omo, boti itachimba maji. Ukizidi tezi, itarukaruka na mwishowe kupinduka.

Ifunge betri kwa mkanda wa velkro, tena uiinue milimita chache ili maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti) yapite chini yake. Maji yataingia tu, hasa pale mhimili wa propela unapotoka. Jaza grisi kwenye bomba la mhimili huo, lakini usiiamini.

Aina ya betri? Anayeanza namshauri nikeli: seli sita za volti 1.2 zinatoa 7.2, na inavumilia kusahauliwa kabatini. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ni nyepesi na ina nguvu, ila haisamehe. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, ikijaa ni 4.2, na ikishuka chini ya 3 inaharibika. Hakikisha kidhibiti mwendo kimewekwa kukata umeme kwa kipimo cha lipo, si cha nikeli. Betri ya miliampea-saa 2200 ichaji kwa ampea 2.2, ikiwa imeshapoa, wewe ukiwepo, kwa chaja inayosawazisha seli. Iliyovimba isirudi kwenye boti, na iliyolowa maji ya bahari isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha iache nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana.

Sasa antena. Rimoti za siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hayapiti majini. Risiva (kifaa cha ndani ya boti kinachopokea amri za rimoti) iliyolazwa chini ya mstari wa maji itakufanyia kazi mezani, kisha ikukatalie bwawani. Nikola Tesla alipoonyesha boti yake ya rimoti New York mwaka 1898, antena zilisimama juu ya sitaha, na mpaka leo hapo ndipo mahali pake.

Tazama waya wa risiva: kipande cha mwisho kisicho na ganda la nje, chenye urefu wa milimita 31 hivi, ndicho kinachopokea. Hicho ndicho kisimame wima, ndani ya mrija wa plastiki uliozibwa juu kwa gundi. Usikikate wala kukikunja. Risiva yenyewe ivishe baluni na ufunge shingo, uiweke mbali na mota na waya nene za betri. Mbao na faiba hupitisha mawimbi. Nyuzi za kaboni na bati huyazuia, basi kama boti yako ni ya kaboni, lazima antena itoke nje. Ncha ya antena ya rimoti nayo usiielekeze kwenye boti kama unaonyesha kidole, maana nchani ndiko nguvu ni hafifu. Iweke wima.

Jaribu umbali boti ikiwa majini, mwenzako ameishika, wewe ukirudi nyuma huku unageuza usukani. Halafu mwombe ainyanyue, propela ikae hewani, uzime rimoti makusudi. Mota lazima isimame. Ikiendelea kuzunguka, rekebisha mpangilio wa usalama wa risiva kabla ya kuiachia boti, kwa sababu baadhi ya risiva hushikilia amri ya mwisho, na boti itaondoka na amri hiyo hadi ng'ambo.

Siku ya kwenda majini, washa rimoti kwanza, kisha boti. Wakati wa kurudi, boti ndiyo izimwe kwanza.