Ukiulizwa mwaloni kama Mungu wenu ni mmoja

Mtumbwi wa dagaa ukitoka mwaloni Kirumba, Mwanza, usiku wa giza, mara nyingi umebeba watu wa dini mbili. Mmoja anasema "Bismillahi Rahmani Rahim" huku akisukuma. Mwenzake anafanya ishara ya msalaba: "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Wote wanaomba warudi salama. Je, wamemwomba mmoja, au kila mtu na wake?

Kabla hujajibu, ligawe swali, maana limebeba matatu. Anayetajwa ni yuleyule? Yanayosemwa juu yake ni yaleyale? Ibada anayofanyiwa anaikubali? Ugomvi mwingi huanza pale mmoja anapojibu la kwanza na mwenzake anabishia la tatu.

Kwa la kwanza, tazama Ziwa Victoria. Wajaluo huliita Nam Lolwe, Waganda Nalubaale, sisi Nyanza. Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika ufuko huu wa kusini mwaka 1858, alishikilia kuwa hapa ndipo Nile inapoanzia. Burton, aliyesafiri naye kutoka pwani, akakataa. Walipingana vikali, ila juu ya maji yaleyale. Vivyo hivyo Mkristo na Mwislamu wote humkusudia Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemwita Ibrahimu, atakayehukumu siku ya mwisho. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni ndiyo.

Jina lisikubabaishe. Wakristo Waarabu humwita Mungu "Allah", na ndivyo Biblia yao inavyosoma tangu Mwanzo 1:1. Kwa Kiswahili, "Mwenyezi Mungu" limo katika tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, na Biblia Habari Njema nayo huandika "Mwenyezi-Mungu" pale ambapo Biblia ya Union Version imeandika "BWANA". Wazee wa Kisukuma walishasema Mulungu kabla ya msikiti na kanisa kufika.

Qurani 29:46 inawaagiza Waislamu wawaambie watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kwamba Mungu wa pande zote mbili ni mmoja. Upande wa Wakatoliki, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano liitwalo Nostra Aetate, la tarehe 28 Oktoba 1965, linasema Waislamu humwabudu Mungu mmoja aliye hai. Usiseme "Wakristo wote", maana makanisa mengi ya kiinjili hayakubali. Hoja yao ni nzito: ziwa unaliona kwa macho, lakini Mungu tunamjua kwa alivyojifunua, na anayemkataa Mwana hana Baba (1 Yohana 2:23). Anayeishika hoja hiyo aulizwe kuhusu Wayahudi, ambao nao hawaukubali Utatu. Akisema wao humwabudu Mungu wa Ibrahimu ila hawajamjua kikamilifu, basi kuukataa Utatu peke yake hakumfanyi mtu awe na Mungu mwingine.

Swali la pili usililainishe ili kuleta amani. Sura ya 112 ya Qurani inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. 4:171 inakataza kusema "watatu". 4:157 inakanusha kwamba Isa alisulubiwa. Ukimwondolea Mkristo msalaba, umemwondolea imani yenyewe. Kinachotakiwa ni kila mmoja akatae kile ambacho mwenzake kweli anakiamini. Kanisa halifundishi kwamba Mariamu ni sehemu ya Utatu, wala kwamba Mungu alizaa kwa mwili kama binadamu. Mwislamu naye akimheshimu Isa, anamheshimu kama nabii. Usimwambie amekaribia kubatizwa.

Aya zinazotumiwa vibaya zinajulikana. "Siabudu mnachokiabudu" ya Sura 109 iliwalenga washirikina wa Makka, si Wakristo. Katika Yohana 4:22 Yesu anamwambia mwanamke Msamaria, "Ninyi mnaabudu msichokijua". Anamwambia hajui, hamwambii ana mungu mwingine. Soma aya tano za kabla na tano za baada. Zungumzeni wawili, vitabu mkononi, bila spika. Watu wakishajaa, kila mmoja anaanza kutafuta ushindi.

La tatu, kama ibada inakubaliwa, ni la Mungu mwenyewe, ila ndilo linaloingia jikoni. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mzozo wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje ulifika hadi mchungaji kuuawa. Basi kwenye harusi au msiba wa ukoo mchanganyiko, jambo hili limalizwe siku moja kabla, wazee wa pande zote wakiwa wameketi. Waislamu wakila, mchinjaji awe anayekubalika kwao. Wakristo wakitaka kuchinja cha kwao, kipikwe kwa sufuria, miiko na mafuta ya peke yake, na mgawaji aambiwe ipi ni ipi kabla ya sahani ya kwanza kutoka. Kosa la kawaida ni mwiko mmoja kuzunguka sufuria zote.

Kwenye sala, mwombaji akimaliza "kwa jina la Yesu", shemeji Mwislamu anaweza kunyamaza. Asilazimishwe kusema Amina. Na Mkristo aliyesindikiza jeneza hadi uwanja wa msikiti asivutwe kwenye safu za swala ya jenaza. Asimame nyuma, avue kofia akitaka, kisha aende nao makaburini kutia udongo.