Mwenye kikapu ndiye mpishi wa kwanza

Nyumbani kwetu Fuoni mimi ndiye mwenye kikapu. Mke wangu anapika, lakini kinachoingia jikoni nakichagua mimi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ambako kwenda sokoni ni kazi ya baba. Basi nilipopimwa nikaambiwa sukari imepanda, na mwezi uleule mke wangu akaambiwa ana presha, nilijua pa kuanzia.

Muuguzi alinipa karatasi ya vyakula: mboga nyingi, wanga kidogo, chumvi kidogo. Nikaibandika karibu na jiko. Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakula vilevile, na si kwamba tulipuuza. Ndipo nikachukua daftari la skuli la mwanangu, nikawa naandika kila siku nimenunua nini, saa ngapi, nina kiasi gani mfukoni, na kama nina njaa. Niliandika mwezi mzima.

Kitu kilichojitokeza waziwazi kilikuwa saa. Siku nilizopita soko la Mwanakwerekwe saa kumi na mbili jioni, nimetoka kazini na njaa yangu, nilirudi na mkate wa boflo, chipsi na soda za watoto. Wakati huo mchicha umeshanyauka, samaki wamebaki wale waliokataliwa, na harufu ya mafuta ya chipsi inakuita kutoka ng'ambo ya barabara. Siku nilizokwenda baada ya sala ya alfajiri nilirudi na vibua, bamia, mtoriro (majani ya viazi vitamu) na fungu la tungule, na zile shilingi 10,000 zilikuwa zilezile. Sikuwa mtu mwenye nia njema zaidi asubuhi. Nilikuwa nimelala tu, na soko lilikuwa limejaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye kikapu mwenzangu ni kuhamisha saa ya soko kabla ya kuhangaika na orodha ya vyakula. Kama kazi haikuruhusu asubuhi, nunua mara mbili kwa wiki, na usipite sokoni na njaa hata kidogo. Kula ndizi moja kwanza.

Halafu kuna bahari. Miaka mingi nimelalamika kuwa samaki ghali bila kuinua macho kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu ya kuwakusanya, wavuvi wengi hupumzika, na bei hupanda. Kusi nalo likivuma, kuanzia kama Juni hadi Septemba, vyombo vidogo havitoki kila siku. Lakini bamvua likija, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hukauka mbali na pweza huonekana. Siku hizi nanunua dagaa wakavu wa kutosha wakati wa giza, nikawaweka. Angalia jambo moja tu: dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mtu mzima anashauriwa na Shirika la Afya Duniani asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mke wangu huwaroweka, akawaosha mara mbili, na mchuzi wao hautii chumvi tena. Ladha haikupungua, kwa sababu ndimu na pilipili zinafanya kazi yake.

Lililokuwa gumu kwetu ni wali. Mama yangu yuko Wete, Pemba, na kwake mgeni hapikiwi muhogo. Nilidhani ni mazoea tu, mpaka aliponieleza habari za mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao na watu wanapanga foleni. Mchele mwingi tunaokula huja kwa meli, na ulipoadimika, muhogo ndio uliowavusha. Aliyepita hapo hatausahau muhogo kama chakula cha shida. Anayekuwekea wali anakuambia kuwa kwake mambo si mabaya, na wewe huwezi kuukataa kwa karatasi ya muuguzi. Ni heshima, na heshima haishindwi kwa hesabu za wanga. Tena muhogo nao ni wanga, ukiutia tui zito hujaepuka kitu.

Tulichobadilisha ni sinia. Tunakula pamoja, mkono wa kila mtu upande wake, na sitaki watoto wangu wakose hilo. Lakini kwenye sinia hujui umekula kiasi gani. Kila mmoja anamsogezea mwenzake, na kuacha kula mapema ni kama kumvunjia adabu aliyepika. Sasa mke wangu anatandaza wali mwembamba, katikati anaweka bakuli kubwa la mboga za majani na kachumbari, na samaki juu yake. Anayefuata samaki lazima apitie mboga. Wali ukiisha hauongezwi, mboga zinaongezwa. Watoto hawakuambiwa neno, na hakuna aliyeuliza.

Soda tumeiacha siku za kawaida, inabaki kwa sikukuu. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Sikuhitaji daftari kwa hilo.

Ramadhani iliyopita mama alikuja kwa boti na kiroba cha majimbi na viazi vikuu. Majirani watatu walikuwa wamealikwa kufuturu. Aliponiona navimenya vile viazi kwa ajili yao, akaniita pembeni: "Mwanangu, utawapa wageni hivi tu?" Nikamwambia wali upo, sahani moja, atakayetaka atapata. Viazi vilipikwa kwa nazi nyepesi na changu wa kuchoma. Ile sahani ya wali tuliila daku.