São Paulo inaendeka, mdogo wangu, ila simu yako ifiche

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Tanga. Anauza nguo za ufukweni, mtaji anao, viza ameshagongewa, lakini tiketi hajakata. Kila anayemtajia São Paulo anamtisha. Mjomba wake amemwambia atarudi kwenye sanduku. Ananiuliza, "Dada, wewe umekwenda. Hivi kweli nitarudi salama?"

Maneno ya sanduku niliambiwa na mimi, tena hadharani, na mtu niliyemtegemea anikopeshe nusu ya mtaji. Alisema mbele ya wenzetu sokoni kwamba mwanamke anayesafiri mwenyewe hadi Brazili ana lake jambo. Pesa hakunipa. Nikauza dhahabu yangu, nikapanda ndege ya Addis Ababa, nikaenda. Leo dukani kwangu Nungwi wageni wanaingia na kutoka na bikini za Brazili na kandambili za Havaianas, na yule bwana anatuma vijana wake kuniulizia bei ya jumla. Nawauzia, biashara ni biashara. Lakini kusahau sijasahau.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, utarudi salama. Maelezo yake ndiyo marefu.

Kwanza toa Rio kichwani. Watu wakisikia Brazili wanaona Copacabana na mchanga. São Paulo haina bahari. Bahari iko Santos, chini ya milima. Jiji lenyewe limekaa juu, karibu mita 760 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi inauma kwa mtu wa pwani. Chukua sweta. Nguo za ufukweni zinashonwa na kuuzwa huko kwenye baridi, katika mtaa wa Brás na majirani zake Pari na Bom Retiro. Ukienda ukakaa kwenye hoteli ya fahari upande wa Jardins ukasubiri kuletewa sampuli, utalipa bei ya watalii.

Brás inaamka usiku. Kuna soko la alfajiri, Feirinha da Madrugada, watu wanafika saa nane, saa tisa usiku. Mabasi yanashusha akina mama kutoka majimbo ya mbali, kila mmoja na mifuko yake mikubwa iliyokunjwa kwapani, na wachukuzi wa mikokoteni wanapiga kelele wapishwe. Nilisimama nyuma ya mama mmoja wa huko nikamsoma mikono. Anaishika bikini kwa vidole gumba viwili, anaivuta mpaka mwisho, anaiinua kwenye taa kutazama kama kitambaa kinaonyesha, anageuza ndani kuangalia kama lastiki imeshonwa mara mbili, halafu anaiachia ghafla. Ikirudi mahali pake anaweka kwenye mfuko. Ikilegea anairudisha mezani bila neno. Mashine hazikuwepo, kompyuta hazikuwepo, ni vidole tu, na hapo ndipo nilipojifunza kununua.

Na hapo hapo, katikati ya vurugu lile, nikasikia Kiswahili. Mama wa Bukavu, amekaa Brazili miaka mingi, anauza mikoba. Aliniona nimetoa simu kupiga picha meza ya mtu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ile simu tia ndani. Huku simu njo pesa."

Mdogo wangu, ukisahau yote niliyoandika, hilo moja lishike. Novemba 2020 Benki Kuu ya Brazili ilizindua Pix, njia ya kutumiana pesa papo hapo kwa simu, saa zote, siku zote. Sisi wa M-Pesa tunaielewa haraka. Muuza maji barabarani anapokea Pix, muuza nguo anapokea Pix, na watu wameacha kutembea na noti. Basi na wezi wakaacha kutafuta pochi. Wanataka simu, na wanaitaka ikiwa mkononi, imefunguliwa, inawaka, ili waingie kwenye benki yako kabla haijajifunga. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2021 Benki Kuu iliweka kikomo cha reali 1,000, fedha ya huko, kwa malipo ya watu binafsi usiku, kwa sababu watu walikuwa wanatekwa kwa saa chache na kulazimishwa kuhamisha akiba yao.

Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa na shoga yangu wa Mombasa, tumemaliza manunuzi, tukaenda Avenida Paulista kutembea. Akasimama ukingoni mwa barabara kupiga picha jengo la makumbusho ya MASP, lile lililoinuliwa juu ya nguzo nyekundu. Kijana akapita na baiskeli. Hakupunguza mwendo, hakusema kitu. Mkono wa shoga yangu ulibaki juu vile vile, vidole vimeshika hewa.

Simu yenyewe haikuwa msiba. Msiba ulikuwa vilivyomo. Namba za mafundi wote, picha za mizigo aliyoagiza, jina la hoteli, tiketi. Alipopiga benki Kenya kwa simu yangu kufunga kadi, wakamwambia watamtumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe, na ujumbe unakwenda kwenye laini ile ile iliyoibwa. Ilibidi ndugu yake Mombasa ahangaike mpaka laini ikafungwa. Shoga yangu alilia usiku kucha, na mizigo mingine hakuipata tena kwa sababu hakumkumbuka fundi.

Mimi nilikuwa na simu mbili. Nzuri, yenye benki na kila kitu, imefungiwa kwenye sefu ya chumbani. Ya zamani, iliyopasuka kioo, ndiyo ya barabarani, ina ramani na programu ya teksi tu. Wenyeji wenyewe wanafanya hivyo, na ile ya pili wanaiita simu ya mwizi. Namba za mafundi niliandika kwenye daftari, na nakala ya pasipoti, tiketi na anwani ya hoteli nilizichapisha nikaziweka kwenye begi. Watu wa nyumbani walinicheka na daftari langu. Daftari hilo ndilo lililotusaidia kumtafutia shoga yangu wale wachache aliowapata.

Basi fanya hivi. Ukitaka kusoma ramani, ingia duka la dawa au benki, uisome ndani, urudishe simu, ndipo utoke. Ukiita gari, lisubirie ndani ya mlango, hakiki namba ya gari, usisimame barabarani na simu inayowaka. Ukiwa ndani ya gari usiishike simu dirishani. Kwenye foleni kuna vijana wanaovunja kioo na kunyakua, na kioo kilichofungwa hakiwazuii. Ukikabwa na mtu mwenye silaha, mpe. Usibishane, usimfukuze, usimtazame sana. Weka pesa kidogo kwenye mfuko wa nje kwa ajili hiyo, nyingine ziwe mwilini, ndani ya nguo. Polisi ni 190, gari la wagonjwa ni 192. Kuna kituo cha polisi wa watalii, na ukiibiwa dai ile hati ya taarifa wanayoiita B.O., bima haikulipi bila hiyo.

Kuhusu mitaa. Brás alfajiri imejaa watu, lakini njia ya kufika huko gizani ni tupu. Metro inafunguliwa saa kumi na dakika arobaini, kwa hiyo anayetaka soko la saa tisa achukue gari hadi mlangoni au alale Brás yenyewe na atoke na wenzake. Mchana metro ni safi na ya kuaminika, nauli kama reali 5, ila saa za kubanana begi liwe mbele kifuani. Ukishuka São Bento uko jirani na mtaa wa Rua 25 de Março, pazuri kwa vito vya bandia na shanga, na pana msongamano mkubwa. Eneo la Luz na Santa Ifigênia lina kituo cha treni cha kupendeza na maduka ya vifaa vya umeme, lakini kandokando yake kwa miaka mingi ndipo walipokuwa wakizunguka watumiaji wa kokeini ya kuvuta. Nenda mchana, maliza shughuli, ondoka. Uwanja wa Praça da Sé, katikati ya jiji, vivyo hivyo. Jumapili Paulista inafungwa kwa magari, familia zinatembea, muziki kila kona. Furahi, simu ikiwa ndani.

Pesa badilisha kwenye duka rasmi la kubadilisha fedha, na kwenye mashine toa ukiwa ndani ya benki au jengo la maduka. Pix mgeni huwezi kuitumia kirahisi, inataka akaunti ya huko na namba ya mlipa kodi, CPF. CPF yenyewe hata mgeni anapewa, na ubalozi wa Brazili Dar es Salaam unapokea maombi. Ipate kabla hujaondoka kwa sababu wauzaji wengi wanaidai kwenye risiti na hata laini ya simu ni shida bila hiyo. Chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku 10 kabla, na kadi uitunze, utaulizwa ukirudi nyumbani. Umeme wao ni volti 127 na plagi zina vijiti vitatu vya mviringo. Saa zao ziko nyuma yetu kwa 6, na hii nimeipenda: saa ya ukutani São Paulo ikionyesha 10 asubuhi, nyumbani ni saa kumi jioni. Hutakosea kumpigia mama.

Chakula usiwe na hofu. Wali na maharage kila mahali, mikahawa ya kupima sahani kwa kilo imejaa, na juisi ya miwa inakamuliwa mbele yako. Kwa Waislamu, Pari kuna msikiti na Brás kuna wenye mikahawa ya halali. Feijoada, maharage yao yaliyopikwa na nyama, iache, ina nguruwe. Wanaokunywa wajue kwamba mwaka 2025 watu walikufa jijini humo kwa pombe kali iliyochanganywa methanoli. Na kaka zangu, mrembo wa kwenye simu anayekualika nyumbani kwake usiku mtaa usioujua, usiende. Hivyo ndivyo wanaume wanavyotekwa.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye ushauri wa watalii. Kwenye duka moja la kifahari mlinzi alinifuata kila kabati niliyoigusa. Nilikuwa na pesa kuliko wengi waliokuwemo mle. Nchi ile, kwa sensa ya 2022, zaidi ya nusu ya watu wake wamejiandikisha weusi au chotara, na bado mlinzi anamfuata mweusi. Nilikwenda kaunta, nikalipa taslimu, nikadai risiti yangu, nikatoka taratibu. Liliniuma na linaniuma hadi leo. Likikukuta usigombane na mlinzi, na usikimbie kana kwamba umeiba. Nunua kilichokupeleka, au ondoka upeleke pesa zako Brás.

Dada zangu, wanaotutisha wengi hawajawahi kuvuka hata Addis. Wanatuambia habari za wezi wakati Kariakoo yenyewe tumeibiwa mara ngapi, na hakuna aliyetukataza kwenda Kariakoo. Hatari ipo, nimeitaja kwa majina na mitaa yake. Lakini anayekuhurumia kweli atakaa na wewe apange safari, akuazime simu yake ya zamani, akuandikie namba zake kwenye karatasi. Asiyefanya hivyo na anataja sanduku tu, huyo hofu yake ni wewe kurudi na mzigo. Mtaji wako umeutafuta mwenyewe. Usiuweke chini ya ulimi wa mtu.

Wewe binti wa Tanga, kata tiketi inayotua mchana uwanja wa ndege wa Guarulhos. Ukitoka usimsikilize anayekuita teksi pale mlangoni, nenda kwenye dawati rasmi ulipie hapo hapo. Tarehe ukiipata niandikie, nikuunganishe na yule mama wa Bukavu mapema, maana ikikaribia Krismasi Brás inafurika na yeye simu hapokei kabisa.