Ajali za mbio za baiskeli: tuikague barabara kabla ya kumlaumu aliyeanguka

Ndugu mtoa mada, umeuliza kwa nini waendesha baiskeli wa kulipwa, wenye vifaa vya bei kubwa na magari ya madaktari nyuma yao, wanaendelea kuumia vibaya kila msimu, na wengi waliotangulia kujibu wamesema kwamba vijana wa siku hizi wanaendesha bila nidhamu. Naomba nitofautiane nao kwa heshima. Nimeshindana hapa Tanga kwa miaka tisa, na tangu nilipoacha nimekuwa miongoni mwa wanaopanga njia za mbio zetu, na kazi hii ya pili ndiyo iliyonionyesha kwamba ajali nyingi mbaya huwa zimeshaandaliwa na barabara yenyewe kabla filimbi ya kuanza haijapulizwa.

Nieleze lililonipata mwenyewe. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka Muheza, kundi la watu kama thelathini, na tulipoipita Pongwe kasi ilipanda kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa mbele kabla ya mstari wa kumalizia, ambao ulikuwa umewekwa mita chache baada ya rasta, yale matuta madogo madogo yanayokata barabara. Sisi wenyeji rasta zile tulizijua, lakini waliotoka mikoa mingine hawakuzijua, na hapakuwa na mtu aliyesimama pale na bendera. Kijana aliyenitangulia alizigundua akiwa tayari juu yake, akabana breki ya mbele, nami nikaliona gurudumu lake la nyuma likija upande wangu taratibu, kama mlango unaofunguka, mpaka likagusa la kwangu. Kuanguka kwenyewe sikumbuki. Ninachokumbuka ni mlio wa spoki zinazokatika, na baada yake nguzo ya zege ya kibao cha barabarani ikiwa shibiri moja kutoka kichwani pangu. Nilivunjika mtulinga, na kijana yule alivunjika nyonga. Watu walimlaumu yeye kwa ile breki, na mimi pia nilimlaumu kwa muda mrefu, jambo ambalo leo naliona kuwa dhuluma.

Hesabu yake ni rahisi. Anayekwenda kilomita 72 kwa saa anapita mita 20 kila sekunde, na nafasi kati yake na gurudumu lililo mbele mara nyingi haifiki nusu mita. Kasi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Hakuna nidhamu wala ustadi unaoweza kumpa mtu nafasi ambayo haipo. Kwa hiyo mwandaaji anapaswa kujiuliza mambo mawili katika kila mita ya njia yake: ni kitu gani hapa kitalishtua kundi, na atakayeanguka hapa atagonga nini.

Tazameni yaliyotokea mbioni huko Katowice, Poland, tarehe 5 Agosti 2020. Wakiukimbilia mstari wa kumalizia, Dylan Groenewegen alihama njia yake na kumbana Fabio Jakobsen kwenye uzio, na kwa kosa hilo alifungiwa miezi tisa, adhabu ambayo siipingi. Lakini mstari ule wa kumalizia ulikuwa kwenye mteremko, kasi ilikuwa inakaribia kilomita 80 kwa saa, na uzio ulipogongwa ulifumuka vipande vipande badala ya kumrudisha mtu barabarani. Jakobsen alilazwa akiwa amepoteza fahamu, uso wake ukiwa umeharibika, na ni kwa neema tu kwamba mwaka uliofuata alirudi na kushinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, za Vuelta, mbio kubwa za siku nyingi za Uhispania. Kosa la mwanadamu lilikuwa la sekunde moja, lakini mteremko na uzio vilichaguliwa na watu waliokaa mezani wakiwa na muda wa kutosha.

Ndiyo maana nayapima yanayofanywa na Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, kwa maswali yale mawili. Kadi za njano za kuonya, zilizoanza kutumika rasmi mwaka 2025, zina faida kwa sababu haziwagusi waendesha baiskeli peke yao bali hata madereva na pikipiki zinazofuata mbio, na mwenye kadi mbili katika mbio moja anaondolewa. Naipenda zaidi kanuni ya kilomita 3 za mwisho, ambayo katika hatua nyingine husogezwa hadi kilomita 5, kwa kuwa anayeanguka humo hapotezi muda, na hivyo wanaowania ushindi wa jumla hawalazimiki kujibana na wenye kasi wanaowania ushindi wa siku hiyo kwenye kipilefti cha mwisho. Pendekezo la kupunguza ukubwa wa gia ili kasi ishuke halinishawishi, kwa maana kasi ya kutisha kuliko zote hupatikana kwenye mteremko mkali, ambako mara nyingi hakuna anayekanyaga pedali.

Kuhusu waliopendekeza mavazi ya kinga, kofia ngumu ilifanywa ya lazima mwaka 2003 baada ya kifo cha Andrey Kivilev katika mbio za Paris–Nice, na ilikuwa haki. Kofia, hata hivyo, haimzuii mtu kutumbukia bondeni. Gino Mäder alifariki mwaka 2023 baada ya kuanguka kwenye mteremko wa Albula, Uswisi, na mwaka uliofuata binti wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka msituni kwenye mashindano ya dunia ya Zurich na akakaa muda mrefu bila mtu kujua kwamba hayumo tena kwenye mbio. Habari hiyo iliniuma kuliko zote, kwa sababu kujua nani hayupo ni kazi ya mwandaaji kabisa. Mashindano ya dunia yalipofika Kigali mwaka 2025, kila baiskeli ilikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali ilipo. Sisi Afrika Mashariki tuliompoteza Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyefia mbioni huko Vermont, Marekani, mwaka 2022, tusiyaone haya kuwa mambo ya Ulaya.

Hapa Tanga vifaa hivyo hatuna. Tunachofanya ni kuhesabu: watu wawili wenye daftari wanasimama kila baada ya kilomita kumi, wanaandika namba, na namba isipoonekana pikipiki inarudi nyuma mara moja. Kila nguzo iliyo karibu na mstari tunaizungushia magunia ya maranda tunayoomba kwa mafundi seremala wa Ngamiani, tukiyafunga kwa kamba ya mkonge kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Kila rasta na kila tuta lina mtu mwenye bendera na filimbi, mita 200 kabla. Mstari wenyewe tumeuhamishia kwenye kipande kilichonyooka chenye mwinuko mdogo, mbali na rasta zile. Wafanyabiashara waliotaka umalizikie mbele ya maduka yao walilalamika sana, na mwaka huu wameleta tena ombi hilo. Nimewajibu kwa barua kwamba waje tuitembee barabara ile pamoja kwa miguu, kuanzia mita 500 kabla ya maduka yao, kisha wanioneshe mahali ambapo mtu anaweza kuanguka asigonge kitu.