Hondohondo: maswali yenu ya wiki hii

Huku Muheza tuna hondohondo wa aina mbili. Nitawatofautishaje?
Tazama tumbo na bawa. Mdogo, Bycanistes bucinator, ana tumbo jeupe, ngozi ya waridi kuzunguka jicho, na bawa lenye ukingo mweupe nyuma. Mkubwa, Bycanistes brevis, bawa lake ni jeusi tupu. Na tafadhali, mkiuliza "ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa ni nani?" semeni mmemwona wapi. Aliye Kibale, Uganda, si lazima awe huyu wa Usambara.

Kwa nini dume humfungia mkewe ndani ya mti?
Hamfungii! Nimelijibu hili mara nyingi. Jike huingia tunduni kwa hiari na kujiziba mwenyewe. Dume humeza udongo, huutapika vidonge vidogo vidogo, jike akavipachika mlangoni mpaka ubaki ufa mwembamba. Hukaa humo miezi mitatu na zaidi, akilishwa kupitia ufa huo. Dume hufika na matunda tele kooni, akiyatoa moja moja. Kwa msimu mmoja amekadiriwa kuleta matunda 24,000 hivi. Ukimpiga manati huyo dume, umelaza familia nzima na njaa.

Shambani nina mvule wenye pango. Fundi anasema umeoza, tuupasue mbao.
Usiuguse. Hondohondo si kigong'ota, hawezi kujitobolea nyumba. Anangoja tundu lililojifanya pale tawi lilipovunjika, tena kwenye shina nene la kumtosha ndege wa sentimita 75 hivi. Shina hilo ni kazi ya miaka na miaka. Mnanitumia picha za miche mliyopanda, nami nawapongeza, lakini mche hauna pango. Anayepanda msitu kwa kweli ni ndege huyu, anayemeza matunda ya mkuyu na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Ila hachagui: Maesopsis eminii, mti wa kuletwa uliovamia msitu wa Usambara Mashariki, naye huusambaza. Kwa hiyo msiupande kando ya hifadhi, hata mkipewa miche ya bure.

Kinda wa kufuga ni bei gani?
Hauzwi. Kumkamata bila kibali ni kosa la jinai, na usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya Tanzania ulisimamishwa 2016. Anayekuuzia ameubomoa mlango wa jike aliyekuwa akilea.

Ile pembe juu ya mdomo ina thamani?
Kwa hondohondo wetu ni nyepesi, ndani karibu tupu. Anayewaambia ni pembe ya ndovu anawaibia.